Setilaiti, Obiti na Ikweta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wanafunzi, wazazi na watu wengine wenye udadisi huuliza kila habari za roketi zinapotangazwa. Majibu mengi yanaanzia Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa sababu mambo ambayo vitabu hueleza kwa mifano ya Florida na Kazakhstan yalitendeka pia katika pwani ya Kenya, na hesabu zake huwa nyepesi zaidi zikifanywa kutoka hapo. Msomaji anayejua kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo hatapotea njia.

Je, ni kweli kwamba setilaiti ziliwahi kurushwa kutoka pwani ya Kenya?

Ni kweli. Kati ya tarehe 26 Aprili 1967 na tarehe 25 Machi 1988, setilaiti 9 zilifikishwa kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama kwa miguu ya chuma baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni. Mradi ulikuwa wa Italia kwa ushirikiano na NASA, shirika la anga la Marekani, na mwasisi wake alikuwa mhandisi Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma La Sapienza. Roketi zote zilikuwa za aina ya Scout, zilizotengenezwa Marekani, zenye hatua 4 na zinazotumia fueli yabisi. Roketi ilisimamishwa juu ya San Marco, ilhali wahandisi walioisimamia walikaa kwenye jukwaa la pili, Santa Rita, ambalo hapo awali lilikuwa la kutafutia mafuta. Majukwaa hayo mawili yaliunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya maji, ili hata roketi ikilipuka watu wawe mbali nayo.

Si zote zilizokuwa mali ya Italia. Nne zilikuwa za mfululizo wa San Marco, nne zilikuwa za Marekani, na moja, Ariel 5 ya mwaka 1974, ilikuwa ya Uingereza. San Marco ya kwanza kabisa haimo katika hesabu hii, kwa kuwa ilirushwa kutoka kisiwa cha Wallops, Virginia, mwezi Desemba 1964.

Kwa nini walichagua mahali palipo karibu na Ikweta?

Jibu linalorudiwa sana ni kwamba dunia yenyewe huipa roketi msukumo wa bure inapojizungusha kuelekea mashariki. Jibu hilo si la uongo, lakini linaacha nje sababu iliyo kubwa zaidi, na ni vyema kuzipima zote mbili kwa namba.

Mzingo wa dunia kwenye Ikweta ni kilomita 40,075, na dunia hukamilisha mzunguko mmoja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani sekunde 86,164. Ukigawanya, unapata kwamba kila kitu kilicho juu ya Ikweta, hata kikionekana kimetulia, kinakwenda mashariki kwa kasi ya mita 465 kwa sekunde. Mahali pengine kasi hiyo huzidishwa kwa kosaini (namba ya pembe inayopatikana kwenye kikokotoo) ya latitudo ya mahali hapo. Ngomeni, iliyo karibu nyuzi 3 kusini, inabaki na mita 464; Cape Canaveral, Florida, iliyo nyuzi 28.5 kaskazini, ina mita 409. Baikonur, Kazakhstan, iliyo karibu nyuzi 46, ina mita 323. Tofauti ya Ngomeni na Florida ni mita 55 tu kwa sekunde, wakati setilaiti iliyo chini kabisa inahitaji zaidi ya mita 7,000 kwa sekunde. Kwa faida hiyo peke yake, hakuna mhasibu ambaye angekubali kuvusha roketi na mafundi kutoka Marekani na Italia hadi Ungwana.

Sababu kubwa ni ya jiometri. Obiti yoyote hulala kwenye bapa, na bapa hilo ni lazima lipite katika kitovu cha dunia, kwa kuwa huko ndiko nguvu ya uvutano inakoelekea. Vilevile ni lazima bapa hilo lipite juu ya mahali roketi iliporushwa, kwa sababu safari imeanzia hapo. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, matokeo yake ni kwamba mwinamo wa obiti dhidi ya Ikweta hauwezi kuwa mdogo kuliko latitudo ya uwanja wa kurushia, labda setilaiti igeuzwe njia ikiwa huko huko juu. Kutoka Florida, mwinamo mdogo kabisa unaopatikana moja kwa moja ni nyuzi 28.5. Kuugeuza hadi sifuri katika obiti ya chini kunahitaji badiliko la kasi linalopatikana kwa kuzidisha 2 kwa kasi ya obiti kwa saini (sine, namba nyingine ya pembe kwenye kikokotoo) ya nusu ya pembe hiyo, yaani 2 × 7.6 × 0.246, ambayo ni takriban kilomita 3.7 kwa sekunde. Hiyo ni karibu nusu ya kasi yote ya obiti, na roketi ndogo kama Scout isingeweza kuifikiria. Kutoka Ngomeni kazi hiyo haipo: unairusha roketi mashariki, na obiti inalala karibu na Ikweta yenyewe.

Faida ya tatu haina hesabu: mashariki ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi, hivyo hatua za roketi zilizokwisha kazi zilianguka majini badala ya kuangukia vijiji.

Ikiwa Ikweta ni bora hivyo, mbona setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka California?

Kwa sababu Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, ilipelekwa kwenye obiti inayopita karibu na ncha za dunia. Setilaiti za kupiga picha za mashamba, misitu na miji hupendelea obiti hizo, kwani dunia hujizungusha chini yake na kuzionyesha kila sehemu, tena kwa mwanga wa jua unaofanana siku hadi siku.

Kwa safari ya namna hiyo, Ikweta haina fadhila yoyote. Roketi inayoelekea ncha haihitaji mwendo wa kwenda mashariki. Mita 465 zinazosifiwa katika jibu lililotangulia zinageuka kuwa mzigo wa kufutwa, na Vandenberg, iliyo nyuzi 34.7 kaskazini, ina mzigo mdogo zaidi, wa mita 382. Isitoshe, ukiirusha roketi kusini kutoka California unakutana na Pasifiki tupu, ilhali njia ya kusini kutoka Ngomeni ingepita karibu na Pemba na Mtwara, na njia ya kaskazini ingepita juu ya nchi kavu kuanzia mwanzo. Waliolalamika kwamba Kenya ina Ikweta yake na bado inakwenda kuomba uwanja ugenini walikuwa wanalinganisha safari mbili zisizofanana.

Setilaiti haina injini inayowaka muda wote. Mbona haianguki?

Inaanguka, tena kila sekunde. Ila inaikosa ardhi. Kitu kilichoachiwa karibu na uso wa dunia huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Sasa chukulia uso wa dunia, ambao ni duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Ukienda mbele umbali fulani kwa mstari ulionyooka, uso wa dunia unakuwa umepinda chini yako kwa kiasi kinachopatikana kwa kuchukua mraba wa umbali huo na kuugawanya kwa kipenyo cha dunia. Weka kilomita 7.9: mraba wake ni 62.4, ukigawanya kwa 12,742 unapata kilomita 0.0049, yaani mita 4.9 zile zile. Kwa hiyo kitu kinachokwenda kilomita 7.9 kila sekunde huanguka kwa kiasi kile kile ambacho ardhi inakwepa, na umbali kati yao haubadiliki kamwe. Kadiri obiti inavyokuwa juu ndivyo kasi inayohitajika inavyopungua, na ndiyo maana katika urefu wa kilomita 550 inatosha kilomita 7.6 kwa sekunde.

Wanaoliuliza swali hili mara nyingi hudhani kwamba roketi hupanda hadi mahali ambapo uvutano umekwisha. Mahali hapo hapapo. Kazi kubwa ya roketi ni kwenda kwa kasi kwa upande. Kupanda juu ni sehemu ndogo ya gharama, na sababu yake kuu ni kutoka katika hewa.

Basi kwa nini wanaanga huelea?

Kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja kwa kasi moja. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, takriban kilomita 400 juu, uvutano wa dunia bado una asilimia 89 hivi ya nguvu uliyo nayo ardhini.

Je, setilaiti hubaki juu milele?

Inategemea urefu. Hewa haikomi ghafla mahali fulani. Huendelea kupungua, na hata katika kilomita 300 bado iko ya kutosha kuikokota setilaiti kidogo kidogo hadi ishuke na kuungua. Katika karne ya 20, hesabu za ukokotaji huo zilikuwa na mashaka mengi, hasa juu ya Ikweta, na ndilo swali lililompeleka Broglio Ngomeni. Alibuni chombo cha werevu wa kupendeza: setilaiti ya San Marco 2 ilikuwa tufe lenye kipenyo cha sentimita 66, ambalo ganda lake la nje lilishikizwa kwenye kiini cha ndani kwa mikono inayonyumbuka. Hewa nyembamba ilipolisukuma ganda, kiini kizito kikabaki nyuma ya mabadiliko hayo, na kule kusogea kidogo kati ya ganda na kiini kukapimwa na kutumwa ardhini kama kipimo cha msongamano wa hewa. Setilaiti hiyo ilirushwa Aprili 1967 na ikashuka na kuungua Oktoba mwaka huo huo, ikikokotwa na hewa ile ile iliyotumwa kuipima.

Si kila kitu huungua chote. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza, baada ya uchunguzi wa awali, kwamba ilikuwa pete ya kutenganishia hatua za roketi. Vipande vizito vya metali inayostahimili joto ndivyo hasa vinavyofika chini.

Setilaiti ya Uhuru ilikuwa ya nini, na iligundua nini?

Ilirushwa kutoka San Marco tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka 7 ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend wa NASA, aliyeusimamia mradi, aliipa jina hilo kwa kuwashukuru wenyeji kwa ukarimu wao. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, na ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani.

Kazi hiyo haiwezekani ardhini. Hewa huifyonza miale hiyo yote, na kwa bahati nzuri kwa viumbe hai. Hata ukiweka chombo kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, bado karibu nusu ya hewa yote iko juu yako. Kabla ya Uhuru, wanasayansi walitumia roketi ndogo zilizochungulia nje ya hewa kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilijizungusha polepole, mara moja kwa kila dakika 12, ikafagia anga ukanda baada ya ukanda hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ikawa na vyanzo 339.

Kimojawapo, Centaurus X-3, kilionyesha miale inayodunda kila baada ya sekunde 4.8, na pia kilizimika kabisa kila baada ya siku 2.1 hivi. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba nyota ndogo mno yenye msongamano wa kutisha inazungukana na nyota kubwa, inainyonya gesi yake, na kila duru inajificha nyuma yake. Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilipepesa haraka bila mpangilio, na uchunguzi uliofuata ukakifanya kuwa mgombea wa kwanza wa kuaminika wa shimo jeusi, yaani kitu ambacho uvutano wake ni mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Ikweta ilichangia hapa kwa njia ambayo watu wengi hawaijui. Juu ya Atlantiki ya kusini na Brazili kuna eneo ambako chembe zenye nguvu zilizonaswa na sumaku ya dunia hushuka chini zaidi, na vipima eksirei vikipita humo hujaa kelele. Obiti yenye mwinamo wa nyuzi 3 tu hukwepa sehemu kubwa ya eneo hilo.

Kwa nini roketi huwa na hatua kadhaa badala ya tangi moja kubwa?

Kanuni iliyochapishwa na Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903 inasema kwamba uwiano wa uzito wa roketi kabla na baada ya kuunguza fueli hukua kwa kipeo cha namba e, ambayo ni takriban 2.718. Gesi ya fueli yabisi hutoka kwa kasi ya kilomita 2.6 kwa sekunde hivi. Kufika kwenye obiti, pamoja na hasara za hewa na uvutano, kunadai kilomita 9.4 hivi kwa sekunde. Ukigawanya 9.4 kwa 2.6 unapata 3.6, na e kwa kipeo cha 3.6 ni karibu 37. Maana yake, katika kila kilo 37 zinazosimama jukwaani, kilo 36 ni fueli, na katika kilo moja iliyobaki ndimo unapopaswa kubana ganda, mdomo wa injini, vyombo vya kuongozea na setilaiti yenyewe. Hakuna fundi aliyeweza kutengeneza ganda jembamba kiasi hicho kwa fueli yabisi. Kwa hiyo ganda tupu hutupwa njiani ili lisiendelee kubebwa, na hatua inayofuata inaanza upya ikiwa nyepesi.

Mbona madishi ya televisheni Nairobi hutazama juu, na ya London hutazama upeo wa macho?

Kwa sababu setilaiti za televisheni zote ziko juu ya Ikweta. Ili setilaiti ionekane imesimama mahali pamoja, ni lazima izunguke kwa muda ule ule wa dunia, na urefu wake unapatikana kwa kanuni ya Kepler isemayo kwamba mraba wa muda wa mzunguko hulingana na mchemraba wa nusu kipenyo cha obiti. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kilomita 6,780 kutoka kitovu cha dunia na huzunguka kwa dakika 92.7. Dakika 1,436 za siku ya dunia ni mara 15.5 ya hizo. Mraba wa 15.5 ni 240; kipeuo cha tatu cha 240 ni 6.2 na ushei. Zidisha kwa 6,780, unapata kilomita 42,000 na zaidi. Toa nusu kipenyo cha dunia, unabaki na kitu kilicho karibu sana na 35,786, ambao ndio urefu wenyewe.

Vituo vingi vinavyotazamwa Afrika Mashariki hutoka kwa setilaiti iliyo longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Nairobi iko karibu nyuzi 36.8 mashariki na nyuzi 1.3 kusini, hivyo setilaiti hiyo iko karibu utosini kabisa. London, kwa latitudo yake ya nyuzi 51.5, huziona setilaiti zake zikiwa nyuzi 25 hivi tu juu ya upeo wa macho. Fundi anayefunga dishi atakwambia pia kwamba madishi mengi ya nyumbani hupokea mawimbi kwa pembe ya upande, kwa hiyo uso wa dishi huonekana umeelekea chini kidogo kuliko mahali unapotazama hasa.

Je, ninaweza kuona setilaiti kwa macho?

Ndiyo, muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, wakati ardhini kuna giza na huko juu jua bado linawaka. Itaonekana kama nyota inayotembea bila kupepesa. Mara nyingine huzimika katikati ya anga: imeingia kwenye kivuli cha dunia.

Je, Ngomeni ndiyo mahali pekee panapozungumzwa Kiswahili palipowahi kurusha roketi kubwa?

La. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG ilijaribu roketi zake huko Shaba, yaani Katanga, katika Zaire ya Mobutu. Hakuna iliyofika kwenye obiti, na mwaka 1979 shughuli hizo zilisitishwa baada ya shinikizo la kisiasa kutoka nje.

Je, roketi zinaweza kurudi Ngomeni?

Roketi ya Scout iliruka kwa mara ya mwisho mwaka 1994, na jukwaa la San Marco halijapata mrithi wake. Kituo chenyewe, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Luigi Broglio, hakijafa: antena zake hufuatilia vyombo vya mashirika mbalimbali na hupokea data za darubini ya Swift, iliyoko angani tangu 2004. Ushirikiano huo pia ndio uliozaa 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi na La Sapienza, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwezi Mei 2018. Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya mwaka 2016.

Kwa setilaiti nzito za televisheni, uwanja wa Kourou katika Guyana ya Ufaransa, ulio nyuzi 5 tu kaskazini, una faida karibu sawa na roketi kubwa tayari. Kwa setilaiti ndogo za kupiga picha, soko limejaa obiti za nchani, ambazo, kama ilivyoelezwa, Ikweta haizisaidii. Hoja yenye nguvu zaidi inayobaki ni ya setilaiti za chini zinazozihudumia nchi za Ikweta zenyewe. Setilaiti iliyo kilomita 550 juu huzunguka kwa dakika 95.6. Kwa kuwa dunia nayo inazunguka upande ule ule, obiti ikilala karibu na Ikweta setilaiti hurudi juu ya pwani ya Kenya kila baada ya dakika 102 hivi, yaani mara 14 kwa siku. Ile ya nchani, kwa urefu huo huo, huonekana kutoka hapo mara 4 hivi kwa siku, nyingine zikiwa chini karibu na upeo wa macho.